Gadi

Malindi haina reli.
Ukitega sikio ardhini pale Muyeye
utasikia bodaboda, jenereta, na kuku wa Mama Mbodze.
Lakini saa kumi na moja na dakika kumi, alfajiri,
baba yangu huketi kitandani, wima,
akataja polepole, kama anayeita watoto waje kula:
Makadara. Dandora. Mwiki. Githurai. Kahawa. Ruiru.
Halafu hulala tena.

Miaka ishirini na sita Thoya Mwagandi alikuwa gadi,
behewa la mwisho, mgongo kwa dereva.
"Dereva huona tunakokwenda," hunambia.
"Mimi naona nani amebaki."
Bendera ya kijani kwapani, nyekundu mfukoni,
firimbi shingoni kwa kamba ya kiatu,
na daftari. Daftari ninalo mimi:

     Githurai. Kuchelewa: sekunde arobaini.
     Sababu: mama, mtoto mgongoni, ndoo ya omena.
     Ndoo imeingia.

Sekunde arobaini!
Abiria wakafoka, dereva akapiga honi mara tatu,
na yeye bendera hakuinua.

Kisha ikaja barua yenye muhuri wa zambarau.
Milango itafungwa na dereva, kwa kitufe;
kioo kitamwonyesha mabehewa yote.
Gadi asiitwe gadi, aitwe mhudumu wa abiria,
apewe fulana ya rangi ya embe na mashine ya tiketi.
Miaka miwili akapita katikati ya magoti ya watu,
tiketi, tiketi, samani mama, tiketi,
yeye aliyekuwa akiinua mkono tani mia nne ziondoke.
Mwishowe mashine nayo ikajua kusimama mlangoni peke yake.
Akapewa mkono, saa ya ukutani, nauli ya basi.
Saa ilikufa Mtwapa.

Nyumbani wakamuuliza kazi yake ilikuwa ipi.
"Gadi."
Shangazi Kache akacheka hadi khanga ikamvuka:
"Gadi si ule mti? Ule wa kuegemeza mashua
ikipandishwa mchangani, isilale ubavu?"
Baba hakucheka. Alilichukua neno
akalitia mfukoni, upande wa bendera nyekundu.

Sasa yuko getini kwa Mtaliano, barabara ya Casuarina.
Gadi tena, ila wa kuketi.
Mwezi wa Machi wakaleta rimoti.
Geti hujifungua lenyewe, kimya, kama lililopakwa mafuta ya nazi,
na baba husimama kando akilitazama
kama mtu aliyemtambua mwizi wake mbali na kwao.

Jumanne umeme ukakatika.
Mvua. Gari la Sinyora Loredana nje, taa zinawaka, honi.
Nilikuwa nimempelekea chakula, niliyaona yote.
Akalivuta geti kwa mikono, vyuma vikalia.
Gari likaingia. Hakufunga.
Akatazama kulia, akatazama kushoto,
njia nzima giza mpaka kwa muuza viazi karai.
Kulikuwa na kijana wa maji, Karabu,
anasukuma mkokoteni, mitungi kumi na miwili,
gurudumu moja halina upepo.
"Funga! Funga, Toya!" Sinyora akapaza.
Baba akainua kiganja, hata hakugeuka.
Nikahesabu moyoni. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Mkokoteni ukaingia.

Ndipo akapuliza firimbi.
Mbwa wa mtaa mzima wakaitika,
Sinyora akaangusha funguo,
na gari, ambalo lilikuwa limeshazimwa,
naapa, lilitikisika kidogo
kama behewa linaloanza kuvutwa.

Baba akafuta firimbi kwa mkono wa shati,
akaketi, akafunua bakuli,
akasema samaki hana chumvi.